Jinsi ya Kujenga Umbo la Seli ya Neva Kutoka Picha za Hadubini

Chukua muhogo, umenye, ukate vipande vyembamba kama vya kukaanga. Katikati ya kila kipande utaona nukta: ule uzi mgumu unaopita ndani ya muhogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipande kimoja hakiwezi kukuambia kama uzi umenyooka au umepinda. Lakini ukivipanga vipande vyote kwa zamu yake, ukaifuata nukta kutoka kipande hadi kipande, uzi mzima unarudi mbele ya macho yako.

Kujenga umbo la seli ya neva ni kazi ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba uzi huu una matawi mengi, unene wa matawi mengine haufiki mikromita moja, na vipande vyenyewe ni picha zilizopigwa na hadubini, kila moja kwa kina chake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa baiolojia au udaktari, fundi wa maabara, mwalimu, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anayetaka kuijua kazi hii kwa mikono yake. Huhitaji kumiliki hadubini, kwa kuwa picha za mazoezi zinapatikana bure. Unachohitaji ni subira na kanuni moja utakayokutana nayo katika kila hatua: usiunge kile usichokiona.

Kwa nini umbo lina uzito

Seli ya neva hupokea ishara kupitia matawi yaitwayo dendriti, na hupeleka ishara zake kupitia uzi mrefu uitwao aksoni. Urefu wa tawi, unene wake na mahali linapogawanyika ni miongoni mwa mambo yanayoamua ishara itafika kwenye mwili wa seli ikiwa na nguvu kiasi gani. Tawi refu na jembamba hudhoofisha ishara kuliko tawi fupi na nene. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua ugonjwa, dawa au lishe duni imeufanya nini ubongo, mara nyingi huanza kwa kuhesabu na kupima matawi. Picha bapa haitoshi kwa kazi hiyo. Ni kama kivuli cha mti ardhini: matawi mawili yaliyo mbalimbali huonekana yamegusana, na tawi linalokuja upande wako huonekana fupi.

Mwaka 1873 daktari Camillo Golgi wa Italia alitangaza kwamba kipande cha ubongo kikilowekwa kwenye dikromati ya potasiamu, kisha kwenye nitrati ya fedha, seli chache hugeuka nyeusi tii pamoja na matawi yake, na nyingine zote hubaki bila rangi. Uchache huo ulikuwa baraka, maana kama seli zote zingeshika rangi, pasingeonekana kitu ila giza. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliiona njia hiyo mwaka 1887, akaiboresha, akachora seli kwa mkono kwa miaka mingi. Mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel, na hata katika hotuba zao walipingana. Golgi alishikilia kwamba neva zimeungana kuwa wavu mmoja. Cajal alisema kila seli inasimama peke yake.

Walitumia rangi ile ile. Lakini mwanya ulio kati ya seli mbili kwenye sinapsi, yaani mahali zinapopeana ishara, una upana wa nanomita 20 hivi, na hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200. Mwanya huo ulionekana wazi miaka ya 1950, hadubini ya elektroni ilipoanza kutumika kuchunguza ubongo. Golgi alikuwa ameunga kile asichokiona. Mtego ulionasa jicho la bingwa kama yule bado unamngoja kila anayeketi kufanya kazi hii leo.

Ijue kwanza picha uliyo nayo

Kuna njia mbili kubwa, na kila moja ina kazi yake.

*Hadubini ya mwanga.* Seli moja au chache zimetiwa rangi nyeusi au rangi ing'aayo. Hadubini hupiga picha tabaka baada ya tabaka, na picha hizo hukusanywa kuwa mrundo mmoja. Kazi yako ni kufuatilia mstari wa katikati wa kila tawi na kupima unene wake.

*Hadubini ya elektroni.* Seli zote zinaonekana kwa pamoja, na hata sinapsi zinaonekana. Ubongo wa nzi wa matunda uliopigwa picha kwa njia hii ulikatwa vipande zaidi ya 7,000, kila kimoja chenye unene wa nanomita 40 hivi. Hapa kompyuta hupaka kila seli rangi yake, kisha watu hukagua na kusahihisha. Mradi wa FlyWire, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ulichapisha mwaka 2024 ramani ya seli 139,255 za ubongo huo. Ukaguzi wake ulifanywa na mamia ya watu.

Mwongozo huu unafuata njia ya kwanza, kwa sababu inaingia kwenye kompyuta moja na inafundisha jicho. Ukiimudu, ya pili hutaiona ngeni.

Orodha ya maandalizi

□ Kompyuta yenye RAM ya GB 8 au zaidi na nafasi ya kutosha kwenye diski.
□ Kipanya cha mkono. Kidude cha kugusa cha kompyuta mpakato huchosha na hukosesha shabaha.
□ Programu ya kuchakata picha iitwayo Fiji, inayopatikana bure.
□ Ndani ya Fiji, programu ya kufuatilia seli iitwayo SNT. Nenda kwenye menyu ya "Help", chagua "Update", fungua orodha ya vyanzo vya masasisho, weka alama kwenye "Neuroanatomy", kisha zima na uwashe Fiji. Utaikuta SNT kwenye menyu ya "Plugins".
□ Mrundo wa picha. Kama huna, menyu ya "File" ndani ya SNT ina picha za mazoezi. Mojawapo ni seli inayopeleka taarifa za harufu katika ubongo wa nzi wa matunda, nayo huja pamoja na mchoro wake uliokwisha kamilika.
□ Daftari la kazi. Kila uamuzi wa mashaka utaandikwa humo.

Hatua ya 1: Pata picha itakayofuatilika

Hatua hii inamhusu anayepiga picha mwenyewe. Kosa linalofanyika kwenye hadubini halifutiki kwenye kompyuta, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa.

1. Chagua seli iliyo katikati ya kipande cha ubongo, kwa kina na kwa upana. Seli iliyo karibu na uso wa kipande imekatwa matawi na kisu.
2. Chagua seli iliyo mbali na jirani zenye rangi kama yake. Matawi ya seli mbili yakishaingiliana, kuyatenganisha ni kazi ya kubahatisha.
3. Punguza mwanga mpaka sehemu angavu kuliko zote isiungue. Sehemu iliyoungua hupoteza mipaka yake, na tawi huonekana nene kuliko lilivyo.
4. Weka pikseli ndogo za kutosha. Lenzi nzuri ya mafuta yenye NA ("numerical aperture") ya 1.4 hutenganisha vitu vilivyoachana takriban mikromita 0.2 kwa upana, lakini kwa kina uwezo wake ni hafifu zaidi, kati ya mikromita 0.6 na 0.8. Pima mara mbili au zaidi ndani ya umbali huo: pikseli za mikromita 0.1 na tabaka zilizoachana mikromita 0.3 zinafaa.
5. Anza juu kidogo ya seli na umalizie chini yake kidogo, ili ncha za matawi zisikatwe.
6. Hifadhi picha pamoja na taarifa zake zote katika muundo asili wa hadubini. Usihifadhi kwa JPEG, kwa sababu muundo huo hutupa sehemu ya taarifa ili kupunguza ukubwa wa faili.

Onyo. Dikromati ya potasiamu inayotumika katika njia ya Golgi husababisha saratani. Ishike ukiwa na glavu, mahali penye hewa ya kutosha, wala usiimwage kwenye sinki. Kusanya mabaki yake kwenye chombo maalumu cha taka za kemikali.

Hatua ya 2: Weka vipimo kabla ya kuchora chochote

Hatua hii ni fupi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kompyuta haijui mikromita. Inajua pikseli tu. Usipoiambia kila pikseli ina upana gani na kila tabaka limeachana na jingine kwa umbali gani, mchoro wako utapendeza na kila namba yake itakuwa ya uongo.

1. Fungua mrundo, nenda kwenye menyu ya "Image", kisha "Properties".
2. Linganisha namba zilizomo na zile zilizoandikwa na hadubini.
3. Kama namba zote tatu (upana, urefu na kina) ni 1, au kama kina kimewekwa sawa na upana, simama. Karibu daima hilo ni kosa.
4. Ziandike daftarini.

Kisanduku: kosa moja la kina linagharimu nini

Tuseme tawi limekwenda pikseli 100 upande wa kulia na likashuka tabaka 30. Pikseli ni mikromita 0.1 na tabaka zimeachana mikromita 0.3. Kwa hiyo tawi limekwenda mikromita 10 kwa upana na mikromita 9 kwa kina, na urefu wake halisi ni mikromita 13.5 hivi. Ukisahau na kuweka kina 0.1, kompyuta itaona mikromita 10 na mikromita 3, kisha itakupa 10.4. Umepoteza zaidi ya moja ya tano ya tawi bila kufuta hata nukta moja.

Kunywea kwa kipande. Kipande cha ubongo kinapokaushwa na kufunikwa kioo hunywea, hasa kwa kina. Pima: kama kilikatwa kwa unene wa mikromita 120 na sasa hadubini inasoma 90, gawa 120 kwa 90, upate 1.33. Zidisha kina cha kila nukta kwa namba hiyo, au andika wazi kwamba hukuzidisha. Kuwa mwangalifu kama lenzi yako ni kavu, isiyotumia mafuta. Mwanga hupinda unapotoka kwenye gundi ya slaidi na kuingia hewani, na kina kinachosomwa kwenye gurudumu la hadubini huwa kidogo kuliko kina halisi. Kwa gundi nyingi za slaidi, tofauti hiyo hukaribia mara 1.5.

Hatua ya 3: Safisha picha bila kuidanganya

Lengo la kusafisha ni kulisaidia jicho lako. Matawi mapya hayatengenezwi kwa kusafisha.

1. Nakili picha asili kwenye folda yake na uifunge isibadilishwe. Fanya kazi kwenye nakala tu.
2. Ondoa mwanga wa nyuma usio sawa, kama upande mmoja wa picha ni mweupe kuliko mwingine.
3. Lainisha chembechembe kidogo sana. Ukilainisha mno, vichipukizi vidogo vya dendriti hupotea, na matawi mawili yaliyokaribiana huyeyuka kuwa moja.
4. Kata pembeni kusiko na seli ili kupunguza uzito wa faili. Mrundo wa pikseli 1024 kwa 1024 wenye tabaka 200 hula MB 210 hivi ukiwa wa biti 8, na mara mbili yake ukiwa wa biti 16.
5. Andika daftarini kila ulichofanya, kwa zamu yake.

Kipimo cha usafi ni hiki: rudi kwenye picha asili, utafute kila tawi ulilolipata baada ya kusafisha. Kama halimo hata kwa kufifia, lifute.

Hatua ya 4: Fuatilia

Usifuatilie kwenye picha iliyobanwa kuwa bapa. Itumie kama ramani ya kukuonyesha upande wa kwenda, lakini bonyeza nukta zako ndani ya mrundo, tabaka kwa tabaka.

1. Anza kwenye mwili wa seli. Weka nukta ya kwanza katikati yake, katika tabaka ambalo mwili ni mpana kuliko kwingine kote.
2. Chagua dendriti nene kuliko zote. Bonyeza mwanzo wake, songa mbele mikromita chache, pandisha au shusha tabaka mpaka tawi liwe kali, kisha ubonyeze tena.
3. SNT itatafuta njia angavu kuliko zote kati ya nukta hizo mbili na kukuonyesha mstari wa muda. Utazame kwa kupanda na kushuka tabaka. Ukipita katikati ya tawi, ukubali kwa herufi Y. Ukikatiza kona au kurukia tawi la jirani, ukatae kwa N na uweke nukta za karibu zaidi.
4. Endelea hadi ncha, kisha maliza kwa F.
5. Rudi kwenye mgawanyiko wa kwanza ulioupita. Shikilia Alt na Shift, bonyeza mahali tawi linapotokea, ulifuate hadi ncha yake.
6. Maliza matawi yote ya dendriti moja kabla ya kuhamia nyingine. Anayerukaruka huacha matawi nyuma.
7. Kipe kila kitu aina yake: mwili wa seli, dendriti, aksoni. Kwa seli nyingi za wanyama wanyonyeshao, dendriti huwa nene karibu na mwili na hupungua unene kadiri inavyokwenda, tena huwa na vichipukizi. Aksoni ni nyembamba, unene wake haubadiliki sana, na huwa na vivimbe vidogo njiani.
8. Mwishoni tumia amri ya SNT ya kupima unene wa matawi. Bila unene huwezi kukokotoa eneo la uso wala ujazo.
9. Hifadhi kila baada ya dakika kumi, kwa jina lenye tarehe.

Jicho lililochoka huanza kuona njia ambazo hazipo. Fanya kazi kwa vipindi vifupi, na kati ya kipindi na kipindi tazama mbali na kioo.

Hatua ya 5: Amua penye shaka

Hapa ndipo kanuni yetu inapopimwa. Utakutana na hali tatu.

*Tawi limekatika, kisha linaendelea mbele.* Tazama picha asili. Kama vipande vyote viwili vina unene sawa, vimeelekeana, na mwanya ni mdogo kuliko upana wa tawi lenyewe, unaweza kuunga, na uandike namba ya tabaka daftarini. Kama mwanya ni mkubwa, acha vipande vikiwa mbalimbali.

*Matawi mawili yanakutana.* Dendriti za seli moja haziungani tena baada ya kugawanyika. Umbo lake ni la mti, na mti hauna duara. Ukiona duara kwenye mchoro wako, kuna mahali umeunga matawi yanayopishana. Panda na kushuka tabaka: matawi yanayopishana hufikia ukali wake katika tabaka tofauti.

*Ncha imeishia kwenye uso wa kipande.* Hiyo si ncha ya kweli. Ni mahali kisu kilipopita. Itie alama ya kukatwa, ili anayetumia namba zako asidhani tawi liliishia hapo.

Kisanduku: kugusana hakuthibitishi sinapsi

Aksoni ya seli moja ikionekana imeigusa dendriti ya nyingine kwenye hadubini ya mwanga, andika "zimekaribiana" na uishie hapo. Mwanya wa nanomita 20 na umbali wa nanomita 150 vinaonekana sawasawa kwenye picha yako. Neno "sinapsi" lahitaji ushahidi mwingine, kama hadubini ya elektroni au kipimo cha umeme.

Hatua ya 6: Soma faili lako kwa macho

Hamisha mchoro kwenda muundo wa SWC, unaosomeka na karibu programu zote za fani hii. Ni maandishi matupu, na unaweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Kila mstari ni nukta moja yenye namba saba: namba ya nukta, aina yake, mahali pake kwa upana, kwa urefu na kwa kina, nusu kipenyo chake, na namba ya mzazi wake.

1 1 25.0 40.0 12.0 5.2 -1
2 3 30.1 41.3 12.4 0.9 1
3 3 34.8 43.0 13.1 0.8 2
4 3 38.2 47.5 13.9 0.6 3
5 3 39.0 40.6 14.2 0.6 3

Aina 1 ni mwili wa seli, 2 ni aksoni, 3 ni dendriti, na 4 ni dendriti ya kilele. Nukta ya kwanza haina mzazi, ndiyo maana imeandikwa -1. Nukta ya 4 na ya 5 zote zina mzazi 3, kwa hiyo tawi limegawanyika pale. Ukizisoma namba hizi utaona kwamba seli nzima imekuwa ukoo: kila nukta inamjua mzazi wake mmoja, na ukifuata wazazi utarudi kwenye mwili wa seli.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya kuamini

□ Zungusha mchoro na uutazame kwa ubavu. Kosa la kina halionekani kutoka juu. Kwa ubavu utaona ngazi kali, au matawi yaliyolala kama mkeka.
□ Nukta yenye mzazi -1 ni moja tu. Zikiwa zaidi, kuna vipande vilivyotengana. Hakikisha ulivitenganisha kwa makusudi.
□ Hakuna nusu kipenyo cha 0.
□ Hakuna aksoni iliyopewa aina ya dendriti, wala kinyume chake.
□ Jumla ya urefu iko katika mikromita na ina mantiki kwa seli ya aina hiyo.
□ Mchoro umewekwa juu ya picha asili, na hakuna tawi lenye rangi lililoachwa bila mstari.

Kisha fanya jaribio linalofundisha kuliko yote. Baada ya wiki moja chora seli ile ile upya bila kutazama mchoro wa kwanza, au mwombe mwenzako aichore. Linganisha jumla ya urefu, idadi ya migawanyiko na idadi ya ncha. Tofauti kati ya michoro miwili ndiyo ukubwa wa kosa lako. Kama ugonjwa unaouchunguza unapunguza matawi kwa kiasi kidogo kuliko tofauti hiyo, bado huna haki ya kusema umeuona.

Ukitaka kipimo cha ziada, tumia njia ya Donald Sholl wa London ya mwaka 1953. Chora matufe yenye kitovu kimoja kuzunguka mwili wa seli, kila moja likiwa nje ya jingine, kisha uhesabu matawi yanayokatiza kila tufe. SNT hufanya hesabu hiyo yenyewe, na grafu inayotokea hukuonyesha matawi yamesongamana umbali gani kutoka mwilini.

Makosa ya kawaida na dawa zake

1. *Kuchora kabla ya kuweka vipimo.* Dawa: Hatua ya 2 iwe ya kwanza kila unapofungua faili.
2. *Kubonyeza nukta chache mno.* Tawi lililojipinda hunyooshwa na urefu wake hupungua. Ongeza nukta kwenye kona.
3. *Kufuata kingo badala ya katikati.* Mstari huyumba na urefu huongezeka. Sogeza nukta katikati ya tawi.
4. *Kuchagua seli nzuri tu.* Seli zenye matawi mengi huvutia macho, na wastani wako hupanda bila haki. Weka kanuni ya kuchagua kabla ya kuanza, uifuate.
5. *Kujua kundi la seli unapochora.* Ukijua hii ni ya mgonjwa na ile ni ya mzima, mkono hufuata matarajio. Mwombe mtu abadilishe majina ya mafaili, nawe uyajue baada ya kumaliza yote.
6. *Kulinganisha vipande vilivyonywea kwa viwango tofauti.* Pima unene wa kila kipande.

Je, kompyuta haiwezi kufanya yote?

Inasaidia sana, na kila mwaka inasaidia zaidi. Shindano la DIADEM liliweka zawadi ya dola 75,000 kwa programu itakayofuatilia seli kwa ubora wa binadamu na kwa kasi kubwa kuliko yake. Fainali ilifanyika mwaka 2010 katika kituo cha Janelia, Marekani. Hakuna programu iliyofikia lengo lote, na zawadi ikagawanywa kati ya waliofika fainali. Mwaka 2015 ulianza mradi wa BigNeuron wa kupima programu nyingi kwa picha zile zile. Leo zipo zinazofanya vizuri kwenye picha safi, ila kwenye picha yenye matawi yaliyosongamana hufanya makosa ya aina mbili: kukata na kuunga.

Kosa la kukata huonekana upesi, maana kipande huning'inia bila mzazi. Kosa la kuunga limejificha: seli mbili huwa moja, na hakuna kitu kinachoning'inia kukushtua. Ukitumia programu ya kujiendesha, tumia muda wako wa ukaguzi kwenye viungo. Anayejua kuchora kwa mkono ndiye anayeweza kuyaona makosa hayo.

Baada ya kumaliza

Hifadhi vitu vitatu pamoja: picha asili, faili la SWC na daftari lako. Kimoja kikikosekana, mtu mwingine hawezi kukagua kazi yako. Kama tishu ni ya binadamu, kibali cha maadili hupatikana kabla ya kugusa slaidi. Kwa Tanzania anzia NIMR, na kwa Kenya kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI. Usiache jina la mgonjwa kwenye jina la faili.

Kisha toa mchoro wako utumike. Hifadhi ya NeuroMorpho.Org, iliyoanzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, hupokea na kugawa bure michoro ya seli kutoka maabara za dunia nzima. Humo utakuta panya, nzi na binadamu, na pia wanyama wa mbuga zetu. Mwaka 2011 kundi la Bob Jacobs wa Colorado College, likishirikiana na Paul Manger wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, lilichapisha maumbo ya seli za gamba la ubongo wa tembo wa Afrika. Seli hizo zilitiwa rangi kwa njia ile ile ya Golgi ya karne ya 19. Seli za tembo na za twiga zimo katika hifadhi hiyo, na mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anaweza kuzipakua leo, azizungushe na kuzipima.

Basi anza leo. Sakinisha Fiji, fungua seli ya harufu ya nzi, ufiche mchoro uliokuja nayo, uchore wa kwako. Fichua ule wa mwanzo na ulinganishe. Utakuta matawi uliyoyaacha, na pengine utakuta uliyoyabuni. Yaliyoachwa utayaongeza. Yaliyobuniwa yafute yote, hata kama mchoro utabaki na mapengo, kwa sababu pengo lililoandikwa daftarini ni ukweli ambao mwenzako anaweza kuuendeleza.